Andalio la Somo Jumuishi

Andalio la somo jumuishi ni mpango wa kipindi ambao mwalimu wa shule ya msingi huurekebisha ili kila mwanafunzi aufikie umahiri uleule kwa njia anayoiweza. Elimu jumuishi ilipata msukumo mkubwa katika Tamko la Salamanca, Hispania, mwaka 1994. Tanzania iliitungia sheria mwaka 2010.

Chukua hesabu ya 3 × 4. Wengi huichora daftarini. Asiyeona hupapasa vizibo vya soda vilivyopangwa safu tatu, vinne vinne, kisha huandika jibu kwa nukta nundu. Kiziwi hufuata mikono na uso wa mwalimu, ambaye hapaswi kufundisha akiwa ameugeukia ubao.

Kinachosahaulika mno ni muda: vidole husoma polepole kuliko macho, hivyo maswali matano yenye ugumu uleule hutosha badala ya kumi.