London hadi Nairobi: Kutoka Siku Kumi hadi Saa Tisa

Kutoka Heathrow hadi Nairobi ni takriban kilomita 6,800 kwa njia ya mkato. Umbali huo ni uleule tangu enzi za meli. Muda ndio umeshuka kutoka majuma hadi saa, na si injini peke yake zilizoushusha.

Februari 28, 1931, shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilizindua njia ya London hadi Mwanza, safari ya siku kama kumi. Ndege hazikuruka usiku. Kutoka Khartoum, ndege ya majini ilifuata Nile mpaka Ziwa Viktoria, ikitua Kisumu kabla ya Mwanza. Kioja kilikuwa Ulaya. Italia ilikataa kuwafungulia Waingereza anga yake, na kwa miaka kadhaa abiria aliyenunua tiketi ya ndege alipandishwa treni Paris na kushushwa Brindisi, kusini kabisa mwa Italia, ndipo aendelee na safari ya angani.

Mei 2, 1952, ndege aina ya Comet ya shirika la Uingereza la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36, ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kufika chini ya saa 24. Ilikuwa safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti duniani. Furaha haikudumu: bodi zilichoka kwa shinikizo la hewa, na baada ya ajali mbili mwaka 1954 Comet zote zikasimamishwa.

Nairobi ilikuwa na shida yake. Iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege nzito huhitaji kukimbia mbali kabla ya kuinuka. Ndiyo maana uwanja wake wa ndege wa Embakasi ulijengewa njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 4 na ushee. Waliovunja mawe na kusawazisha ardhi ile walikuwa wafungwa wa vita vya Mau Mau, jambo ambalo wasafiri wengi hawaelezwi. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1958. Waingereza nao waliunda ndege ya VC10, injini zake zikiwa mkiani ili bawa libaki huru kuinua uzito, mahususi kwa viwanja vya namna hii.

Siasa hazikuondoka. Mwaka 1963 nchi huru za Afrika ziliifungia anga South African Airways, ikabidi ndege zake ziizunguke Afrika Magharibi juu ya bahari kwenda Ulaya. Wakati huu ni zamu ya Sudan: tangu vita vilipozuka Aprili 15, 2023, ndege za abiria zinazounganisha Ulaya na Nairobi huikwepa, nyingi zikipinda mashariki kupitia Bahari ya Shamu na kuchoma mafuta zaidi. Khartoum, kituo walichotegemea marubani wa 1931 na wa 1952, ndiyo inayokwepwa.