Ijara na Ukiritimba: Kompyuta za Kwanza za Marekani

Wengi hudhani kwamba kampuni ya IBM iliitamalaki biashara ya kompyuta kwa kuwatangulia wenzake katika maarifa; lakini tarehe yakataa, kwani UNIVAC, kazi ya Eckert na Mauchly, ilikwisha kukabidhiwa Idara ya Sensa ya Marekani mwaka 1951, wakati IBM haijatoa kompyuta yake ya 701.

Nguvu za IBM zilikuwa katika ijara. Tangu zama za mashine za kadi zilizotobolewa, mteja hakuuziwa mashine bali alipangishiwa kwa malipo ya kila mwezi, akashurutishwa na kadi zenyewe azinunue kwa IBM hiyo hiyo, mpaka Mahakama Kuu ilipoliharamisha sharti hilo mwaka 1936. Na mwaka 1956, kwa hukumu ya maafikiano na serikali, kampuni ikalazimika kuuza mashine kwa kila aliyependa kununua. Lakini mazoea hayakuvunjika: mwenye benki au bima, alipohitaji kompyuta, alimwendea wakala yule yule wa IBM aliyemzoea. Na mshindani aliyetaka kupangisha naye, alihitaji rasilmali ya kumvusha miaka kadhaa kabla gharama zake hazijarudi.

Kampuni saba zilizojaribu, Burroughs na Honeywell zikiwamo, zilibandikwa jina la dhihaka, Vibete Saba. Hata hivyo, mwaka 1963 Control Data, moja katika hizo, ilitangaza kompyuta ya 6600, iliyobuniwa na Seymour Cray, yenye kasi kuliko zote duniani. Naye Thomas Watson, mkuu wa IBM, akawaandikia wasaidizi wake kwa uchungu, akiuliza imekuwaje washindwe na watu 34, mfagiaji akiwa miongoni mwao. Jawabu la IBM lilikuwa kutangaza mashine ya kushindana nayo ilhali haijaundwa bado, na wanunuzi wakasita.

Control Data ilishtaki mwaka 1968, ikakusanya nyaraka za IBM na kuzitengenezea faharasa kwa kompyuta. Lakini waliposuluhishana mwaka 1973, ikapewa kampuni tanzu ya IBM ya kutoa huduma za kompyuta, na faharasa ile ikateketezwa, jambo ambalo, kwa rai yangu, liliidhulumu serikali, iliyokuwa na kesi yake dhidi ya IBM tangu 1969 na kuihitaji sana faharasa hiyo. Kesi hiyo ya serikali ilifutwa Januari 1982, zaidi ya miaka 10 baada ya General Electric na RCA, nazo miongoni mwa Vibete Saba, kuihama biashara ya kompyuta.