Msamaha wa Swema na Deni la Mkosaji

Mahubiri mengi kuhusu msamaha huanza na aliyeumizwa: asamehe, asiweke kinyongo, amwige Kristo. Mkosaji hutajwa baadaye, pengine hatajwi kabisa. Makala haya yanadai kwamba mpangilio huo unaipotosha imani yenyewe.

Kisaki, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru upande wa kusini, ina historia inayoligusa suala hili. Karibu na Kisaki ya leo palikuwa Zungomero, kituo cha misafara walichokipitia Burton na Speke mwaka 1857. Ukutu, nchi ya eneo hilo, ulikuwa njiani, na njia ile iliwamaliza watu wake: vijiji vilivamiwa, watu wakakamatwa wakauzwe pwani. Miaka michache baadaye, mwaka 1868, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakawakomboa watumwa kwa fedha na kuwatengea kijiji. Ilikuwa huruma ya kweli. Lakini waliowakamata watu wale hawakuulizwa kitu.

Kisa cha Swema kinalionyesha jambo hili waziwazi. Binti huyu Myao alitolewa bara hadi Zanzibar, mama yake akiachwa njiani afe, na mwenyewe akazikwa akiwa bado hai kwa kuwa alionekana hana faida tena. Aliokolewa, akapelekwa misheni ya huko Zanzibar. Padri Antoine Horner ndiye aliyekiandika kisa chake, na kilele alichokiweka ni hiki: Swema anamkuta katika wodi ya masista Mwarabu majeruhi aliyeshiriki kumtesa, anashindana na moyo wake, kisha anamsamehe na kumhudumia. Wasomaji wa Ulaya waliguswa sana. Mimi naguswa pia. Msichana yule alikuwa na nguvu ambayo wengi wetu hatuna. Ila kisa kimeandikwa kwa namna ambayo mzigo wote wa kiroho uko begani mwake. Yule mwanamume anatibiwa tu.

Injili haiendi hivyo. Zakayo, mara tu Yesu alipoingia nyumbani kwake, aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Katika kitubio cha Kikatoliki, majuto na ungamo hufuatwa na malipizi. Aliyeiba anatakiwa arudishe. Adhabu ya aina hii haimkomoi mkosaji. Inamrudisha kati ya watu akiweza kuwatazama usoni.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Yesu msalabani aliwaombea waliomsulubisha kabla hawajatubu. Ni kweli. Lakini ombi lile lilitoka kwake yeye aliyekuwa akiteswa. Hakuna aliyesimama chini ya msalaba akamwamuru aseme vile. Msamaha wa namna hiyo ni zawadi ya aliyeumizwa, na mhubiri hana mamlaka ya kuutoza kama ushuru.

Leo mkoa wa Morogoro unaumwa na ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mahindi yakiliwa na ng'ombe, mkulima akaambiwa asamehe ili amani irudi, njaa inabaki kwake peke yake. Padri, mchungaji au katekista anayetaka kupatanisha aanze kwa mwenye ng'ombe: atalipa magunia mangapi, na lini? Na mkulima aliyewakata ng'ombe kwa panga aulizwe swali lilelile.