Vyombo vya Nje ya Lori, na Jinsi Vilivyolindwa na Wezi

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi, wanachama watasoma habari za mizani, za maghala na za bei ya pamba. Sisi tumeombwa kuandika habari za malori, na baada ya kufikiri tumeona tuandike juu ya vyombo vile vinavyofungwa nje ya lori: gurudumu la akiba, jeki, beleshi, sururu, madumu ya mafuta, minyororo na kamba. Huenda msomaji akaona kuwa ni jambo dogo. Walakini katika miaka hii kumi hapana kitu kilichotuletea aibu kubwa kama gurudumu moja la akiba, nasi tutalieleza hapo mbele bila kuficha.

Kwanza yafaa kujiuliza kwa nini vyombo hivyo vikawekwa nje. Motakaa za mwanzo hazikuwa na gurudumu la akiba kabisa. Tairi ikipasuka, mwenye gari alikaa kando ya njia akaitoa, akaiziba, akaijaza upepo kwa mkono, hata kama mvua inanyesha. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, ndugu wawili wa ukoo wa Davies walianza kutengeneza ukingo wa chuma wenye tairi iliyokwisha kujazwa upepo, ambao uliweza kufungwa juu ya gurudumu lililoharibika. Karakana yao ilikuwa katika mtaa wa Stepney, na jina hilo likashika, hata leo watu wa India huliita gurudumu la akiba "stepney". Ukingo huo ulichukuliwa nje ya gari, mahali ambapo mkono waufikia upesi. Kanuni hiyo imebaki, kwa kuwa chombo cha kuokoa safari hakiwezi kuwekwa chini ya mzigo. Lori lililojaa magunia ya pamba likikwama mtoni usiku, nani atapakua magunia mia apate kulitoa beleshi?

Basi tangu hapo, mahali panapomfaa dereva mwenye haraka pakawa ndipo panapomfaa mwizi mwenye haraka.

Waliozidisha desturi hiyo ni wasafiri wa jangwani. Ofisa mmoja wa Kiingereza, Ralph Bagnold, alisafiri kwa motakaa za Ford katika majangwa ya Misri na Libya baada ya mwaka 1925. Gurudumu likizama mchangani, yeye na wenzake waliweka chini yake vipande virefu vya chuma vyenye umbo la mfereji, ambavyo walivipata katika duka la vyuma chakavu mjini Cairo. Mwaka 1940 Bagnold alipounda kikosi chake cha jangwani, malori ya kikosi hicho yalivichukua vyuma hivyo ubavuni, pamoja na mabeleshi. Huko jangwani hapakuwa na mwizi wa kuogopwa. Desturi ilipoletwa katika barabara zenye vituo, masoko na vilabu vya pombe, ndipo shida ilipoanza.

Katika vita hiyohiyo ya jangwani ndimo ilimotoka habari ya madumu, nayo yatuhusu sisi wakulima kuliko tunavyodhani. Waingereza walichukua petroli katika makopo membamba ya bati ya galoni 4. Kopo hilo ndilo debe letu. Lilikuja Afrika ya Mashariki na mafuta ya taa, likawa ndoo ya maji, likawa paa la nyumba, na likawa kipimo cha mahindi ambacho mpaka leo kinawatia wakulima wengi hasarani kwa sababu ya vile vilele vya walanguzi. Kwa mahindi lafaa, lakini juu ya lori katika njia mbovu halikufaa. Lilitoboka, likavuja, na Jemadari Auchinleck, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Waingereza huko, alikadiria kuwa mafuta yaliyopotea njiani yalifika asilimia 30.

Wajerumani kwa upande wao walikuwa na dumu la chuma la lita 20, lililotengenezwa tangu mwaka 1937. Lilikuwa na mikono mitatu, hata mtu mmoja aliweza kuchukua madumu mawili matupu kwa mkono mmoja, na kifuniko chake hakikuwa cha kuzungusha bali cha kubana kwa wenzo, tena kilishikamana na dumu lenyewe kisipotee. Waingereza waliyateka, wakayapenda kuliko ya kwao, na mwisho wakaanza kuyaiga. Kwa kuwa walizoea kumwita Mjerumani "Jerry", dumu likaitwa kwa jina hilo, ndipo na sisi tukapata neno jerikeni.

Sasa msomaji asikilize yaliyotokea mwaka 1944, maana hatujapata kusikia somo la utunzaji wa mali lililo kubwa kuliko hili. Majeshi ya Marekani yalipoingia Ufaransa yaliletewa madumu kiasi cha milioni 22. Kufikia mwisho wa mwezi wa Agosti sehemu kubwa ilikuwa imetoweka. Mengine yaliibwa, lakini mengi yalitupwa tu kando ya barabara na madereva walioyamwaga mafuta wakaendelea na safari. Malori ya mafuta yalikuwapo, na mafuta yalikuwapo, lakini vyombo vya kuyachukulia vilikosekana, na hata wanafunzi wa shule za Ufaransa waliombwa wasaidie kuyaokota. Kila askari alilishika dumu, wala hapakuwa na askari mmoja aliyeulizwa, "Liko wapi?" Sisi tuliposoma habari hiyo tuliona haya, kwa sababu tulizitambua stoo zetu wenyewe.

Gari dogo la jeshi lililoitwa Jeep, lililoanza kutumika mwaka 1941, lilikuwa na shoka na beleshi vilivyofungwa kwa mikanda ubavuni, na gurudumu la akiba nyuma. Jeep za kwanza ziliwashwa kwa ufunguo, lakini funguo zote zilikuwa za namna moja. Baadaye ufunguo ukaondolewa kabisa, ukawekwa wenzo. Kila mtu aliweza kuliondoa gari la mwenzake, nao waliliondoa kweli, hata askari wengine wakafunga usukani kwa mnyororo na kufuli. Vita ilipokwisha, magari ya jeshi yaliuzwa kwa raia duniani kote, na huku kwetu askari wengi waliojifunza udereva jeshini walirudi wakashika usukani wa malori ya biashara. Mwaka 1948 Land Rover ilipotokea, wengi waliona gurudumu lake limelazwa juu ya boneti. Hapo dereva alilitazama mchana kutwa, jambo ambalo halikumsaidia alipolala.

Kuhusu kufuli zenyewe, iko habari moja ambayo tunapenda kuirudia. Mwaka 1851 yalifanyika maonyesho makubwa mjini London, na fundi mmoja Mmarekani, Alfred Hobbs, akaenda. Waingereza walijivunia vitasa vya Chubb, ambavyo watu waliamini havifunguki ila kwa ufunguo wake. Hobbs alikifungua kimoja kwa dakika 25 hivi. Kisha akaliendea kufuli la Bramah, lililokaa katika dirisha la duka tangu mwaka 1790 na ahadi ya gini 200 kwa atakayelifungua. Hilo lilimchukua saa 51, zilizogawanyika katika siku 16, lakini lilifunguka. Baada yake alikuja Linus Yale, ambaye kitasa chake cha vijiti alikipatia hati mwaka 1861 na 1865, na ndicho kilichomo milangoni mwetu leo. Mwaka 1924 Harry Soref wa Milwaukee alipata hati ya kufuli la mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Yote hayo ni maendeleo makubwa, lakini kazi ya kufuli bado ni ileile ya kununua muda. Mwizi wa kituo cha lori hana saa 51. Ana dakika chache, tena anaogopa kelele.

Hayo yote hatukuyajua katika msimu wetu wa tatu. Mwaka huo lori letu moja lilipelekwa kuchukua pamba katika chama cha msingi kilicho mbali kabisa, kwenye udongo mweusi. Lilipofika usiku katika kituo kimoja, dereva na utingo wake walilala ndani. Gurudumu la akiba lilikuwa nyuma, limefungwa kwa nati mbili ambazo spana yoyote ingezifungua. Asubuhi halikuwapo. Dereva alikwenda hivyo hivyo, kwa kuwa wakulima walikuwa wakingoja, na wakati wa kurudi tairi ikapasuka. Lori likasimama siku mbili mvuani. Turubai lilikuwa na matundu (hilo nalo ni kosa letu), na pamba iliyotoka mashambani safi ilipokelewa kiwandani kuwa ya daraja la pili. Wakulima walikuwa wamekwisha kulipwa, hivyo hasara ilikiangukia chama chote.

Halmashauri ilikutana, na sisi ndio tulioandika kumbukumbu za mkutano. Ilisemwa kwamba haiwezekani watu wawili walale ndani ya lori na gurudumu lifunguliwe bila wao kusikia. Hapana aliyeuliza nati zilikuwa ngapi. Dereva akakatwa mshahara kwa miezi saba, na utingo akafukuzwa kazi bila ya mshahara wake wa mwisho. Alikuwa kijana mwenye bidii. Alisema maneno machache, akaondoka.

Mwaka uliofuata tulikuwa tukitafuta gurudumu kuukuu la kununua katika mji mwingine. Fundi wetu aligeuza moja, akatazama ndani ya ukingo, akanyamaza. Kisha akasema kwamba ufa ule ulioziba aliuchomelea yeye mwenyewe. Polisi walifuata mnyororo wa wauzaji hatua kwa hatua, wakamkuta mtu aliyekuwa akifungua magurudumu ya malori yaliyolala katika njia ile kwa muda mrefu, asiyejuana na dereva wetu wala utingo wetu.

Tangu hapo tumebadili mambo mengi. Kila ukingo, kila jeki na kila beleshi limepigwa namba kwa patasi, wala si kwa rangi, kwa kuwa rangi huondolewa kwa kipande cha msasa. Gurudumu limehamishwa kutoka nyuma likawekwa chini ya chesisi, na mnyororo umepitishwa katika matundu yake. Kufuli tunazochagua zina shingo fupi, ili nondo isipate nafasi ya kuingia. Bawaba za sanduku la vifaa zimefichwa ndani. Madumu yamewekewa upau wa chuma juu yake wenye kufuli. Malori mawili yakilala pamoja hulala matako kwa matako, na lori likiwa peke yake hurudishwa nyuma mpaka ukutani. Dawa hii haina gharama hata senti moja, na inashangaza kwamba ilitujia ya mwisho. Tena dereva akitoka na akirudi huhesabu vyombo pamoja na mtunza stoo, na wote wawili hutia sahihi. Daftari hilo linamlinda dereva kama linavyokilinda chama.

Tulikosea mara moja tena. Tulipozipata kufuli mpya tulizipenda mno, hata tukaziweka funguo ofisini. Lori likapata pancha njiani, gurudumu zuri likiwa limefungwa barabara chini yake, na ufunguo umo katika mtoto wa meza yetu. Sasa ufunguo mmoja husafiri na dereva, na wa pili hukaa ofisini.

Dereva alirudishiwa fedha zake zote kwa azimio la mkutano mkuu, ingawa ilichukua mikutano miwili na maneno mengi. Angali anatuendeshea lori lile lile. Utingo hatujampata. Tulipeleka barua kwao zikarudi. Wengine wanasema alikwenda migodini. Mshahara wake wa mwisho, pamoja na fidia iliyokubaliwa na mkutano, umo katika vitabu vyetu kwa jina lake, na husomwa kila mwaka mbele ya mkaguzi. Wanachama wa chama chake cha msingi wanamfahamu. Tunamwomba yeyote ajuaye alipo amwambie aje ofisini, au atuandikie kwa mkono wa katibu.