Swali Jipya Linahitaji Ukumbi

Kuanzia tarehe 3 hadi 5 Mei 1971, wataalamu wa nadharia ya kompyuta walikutana Shaker Heights, kitongoji cha jiji la Cleveland katika jimbo la Ohio, Marekani. Kongamano lao lilikuwa bado changa. Lile la kwanza lilifanyika Marina del Rey, California, mwaka 1969, na hili lilikuwa la tatu. Linajulikana kwa kifupi cha STOC, na hadi leo hufanyika kila mwaka. Katika kitabu cha makala za mwaka ule, ukurasa wa 151 hadi 158, imo makala ya Stephen Cook wa Chuo Kikuu cha Toronto. Kurasa nane tu. Mimi ninasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta Dar es Salaam, na sijakutana na mwanafunzi wa fani hii ambaye masomo yake hayakumfikisha kwenye kurasa hizo, hata kama hajui zilitokea wapi.

Cook alikuwa na miaka 31. Mwaka uliotangulia aliondoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, baada ya kunyimwa ajira ya kudumu katika idara ya hisabati. Richard Karp, aliyekuwa mwenzake pale, alikuja kukiri hadharani kwamba uamuzi ule ulikuwa aibu kwa chuo chao. Kwa hiyo mtu aliyesimama Shaker Heights hakuwa mzee wa fani anayesubiriwa na ukumbi mzima. Alikuwa mhadhiri kijana aliyetoka kukataliwa.

Alikuja na nini? Chukua mfano wa ratiba ya mitihani ya chuo. Kuna masomo mia kadhaa, siku chache, na maelfu ya wanafunzi, kila mmoja na mchanganyiko wake wa masomo. Ukiletewa ratiba iliyokwisha kupangwa, kuikagua kama yupo mwanafunzi mwenye mitihani miwili kwa saa moja ni kazi ya kuchosha, lakini inaisha. Kuipanga mwenyewe tangu mwanzo ni habari nyingine. Njia za kujaribu ni nyingi kiasi kwamba kompyuta yenye kasi kubwa inaweza kuzeeka kabla haijazimaliza.

Matatizo ya namna hiyo, ambayo jibu lake ni rahisi kulikagua lakini ni vigumu kulitafuta, yamejaa kila mahali. Cook alionyesha kwamba yote yanaweza kugeuzwa yakawa tatizo moja la mantiki: je, fomula hii inaweza kufanywa iwe kweli? Atakayepata njia ya haraka ya kutatua hilo moja atakuwa ameyatatua yote. Hapo likazaliwa swali ambalo leo huitwa P dhidi ya NP: je, kutafuta ni kugumu kuliko kukagua kwa asili yake, au ni sisi tu ambao hatujaijua njia? Mwaka 2000 Taasisi ya Clay iliahidi dola milioni moja kwa atakayelijibu. Fedha hizo bado zipo.

Karp aliisoma makala ya Cook. Yeye alikuwa mjuzi wa matatizo ya kupanga, kugawa na kusafirisha, yale ambayo viwanda na mashirika hukutana nayo kila siku. Machi 1972, katika mkutano mwingine uliofanyika kituo cha utafiti cha IBM, Yorktown Heights, New York, alionyesha kwamba matatizo 21 yanayojulikana sana, yakiwemo ya kupanga kazi kwa zamu na kujaza mzigo usiozidi uzito fulani, yana ugumu uleule aliouonyesha Cook. Kuanzia hapo mvua ikaanza kunyesha. Watu wa fani mbalimbali waligundua kwamba tatizo lililowatesa kwa miaka ni ndugu wa tatizo linalomtesa jirani.

Sasa twende Moscow. Miaka ileile, kijana aitwaye Leonid Levin, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufundishwa na mwanahisabati mkubwa Andrei Kolmogorov, alifikia wazo lilelile kwa njia yake mwenyewe. Warusi walikuwa na neno lao la tatizo hili, perebor, yaani kupekua yote mojamoja, na walikuwa wamelijadili kwa miaka mingi. Makala ya Levin ilichapishwa mwaka 1973 katika jarida la Kisovieti. Ilikuwa na kurasa mbili tu, na ndani yake aliorodhesha matatizo sita. Tasnifu yake ilikuwa imekataliwa kwa sababu za kisiasa. Mwaka 1978 alihamia Marekani, na mwaka uliofuata akapata uzamivu wake MIT. Huko Magharibi ilichukua miaka mpaka kazi yake ya Moscow ikafahamika vizuri. Leo vitabu huliita jambo hili nadharia ya Cook na Levin. Lakini Cook alipata Tuzo ya Turing mwaka 1982 na Karp mwaka 1985, wakati Levin alipewa Tuzo ya Knuth mwaka 2012.

Kuna wa tatu aliyewatangulia wote. Tarehe 20 Machi 1956, mwanamantiki Kurt Gödel alimwandikia barua John von Neumann na ndani yake akauliza swali linalokaribiana sana na hili. Von Neumann alikuwa anaugua saratani. Alifariki Februari 1957, na barua ile haikujulikana kwa wataalamu mpaka miaka ya 1980.

Nikiwaweka watatu hawa pamoja, naona kwamba hawakutofautiana kwa akili. Gödel alikuwa na msomaji mmoja, tena mgonjwa. Levin alikuwa na wenzake hodari, lakini walizungukwa na ukuta. Cook alikuwa na ukumbi, na nyuma ya ukumbi kulikuwa na kitabu kinachosambazwa, na mwisho wa safari ya kitabu hicho alikuwepo Karp.

Nalisema hili kwa sababu linatugusa. Mwaka jana mwanafunzi mwenzangu alikubaliwa makala yake katika kongamano moja la Ulaya. Alikopa nauli ya kwenda kuomba viza nchi ya jirani, akapeleka barua ya mwaliko na taarifa za benki, akasubiri wiki sita. Ubalozi ukajibu kwamba haukuridhika kuwa angerudi nyumbani. Makala ilichapishwa na jina lake limo. Watu humwambia, "Si imetoka? Ulitaka nini zaidi?"

Wapo pia watakaosema kwamba intaneti imemaliza tatizo hili, na wana mfano mzuri. Agosti 2002, Manindra Agrawal na wanafunzi wake wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, wakiwa Kanpur, India, walitoa njia ya haraka na ya uhakika ya kutambua kama namba ni tasa. Hawakusubiri kongamano. Waliwatumia wataalamu makala yao, na ndani ya siku chache dunia ya hisabati ilikuwa imeshakubali.

Lakini angalia walichotuma. Kilikuwa jibu la swali la zamani ambalo kila mtaalamu alilijua, na uthibitisho wake ulikuwa mfupi. Jibu la namna hiyo linasafiri peke yake, kwa sababu kulikagua ni rahisi. Cook alileta kitu ambacho wengi walikuwa hawajajua kwamba wanakihitaji, yaani swali. Swali jipya halikaguliwi kwa siku mbili. Linahitaji mtu wa fani nyingine alisikie, alitie shaka, aende nalo nyumbani, kisha arudi na matatizo 21.

Hicho ndicho alichokosa mwenzangu. Makala yake inauliza swali, na hakuna aliyemsogelea wakati wa chai kumwambia, "Hili linafanana na langu." Tumeanza kukutana kila Alhamisi jioni, watu saba, wawili wao kutoka idara ya hisabati na mmoja wa uchukuzi. Wiki iliyopita yule wa uchukuzi aliomba nakala ya makala ile. Amesema ukurasa wa nne unamkumbusha tatizo la kupanga mabasi.