Nyoka wenye sumu na huduma ya kwanza kwa aliyeumwa

ALIYEUMWA na nyoka, walinena wahenga, akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii yaonyesha jinsi hofu ya nyoka ilivyokita mizizi miongoni mwa wakazi wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, hofu pekee haimwokoi mtu. Aghalabu ndiyo huwafanya jamaa za majeruhi kukimbilia wembe, kamba au jiwe jeusi, na hivyo kupoteza saa ambazo zingetosha kumfikisha hospitalini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka kote duniani kutokana na sumu ya nyoka. Wengine takribani mara tatu ya idadi hiyo hubaki na ulemavu wa kudumu, wakiwemo wanaokatwa miguu au mikono. Mnamo Juni 2017, shirika hilo liliyaweka madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Wanaoathirika zaidi ni wakulima, wafugaji na watoto wa mashambani, yaani wale wale wanaoishi mbali na hospitali. Humu nchini, visa hivi si vigeni katika maeneo kama Baringo, Kitui na Kilifi.

Si kila nyoka ana sumu. Chatu, kwa mfano, huua mawindo yake kwa kuyabana. Lakini kwa kuwa si rahisi kwa mtu wa kawaida kutofautisha nyoka mmoja na mwingine, kila anayeumwa apaswa kuchukuliwa kuwa yumo hatarini hadi daktari athibitishe vinginevyo.

SUMU ZA AINA TATU

Sumu za nyoka wa humu nchini zaweza kugawanywa katika makundi matatu makuu, kulingana na madhara yake mwilini.

Kundi la kwanza ni sumu inayoharibu nyama. Bafe, ambaye pia huitwa kifutu au moma, ndiye anayejulikana zaidi katika kundi hili. Nyoka huyu mnene, mwenye rangi ya majani makavu na mchanga, hakimbii asikiapo kishindo. Hulala tuli akitegemea rangi yake imfiche, hadi mtu amkanyage. Aliyeumwa hupata maumivu makali, kiungo huvimba, malengelenge hutokea na nyama huweza kuoza.

Swila wanaotema sumu pia wamo katika kundi hili. Mnamo 2007, wanasayansi Wolfgang Wüster na Donald Broadley walimtambua rasmi swila mkubwa anayepatikana Pwani ya Kenya kuwa spishi ya kipekee. Walimpa jina la kisayansi Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilichoko Watamu. Huyu ndiye mkubwa zaidi duniani miongoni mwa swila watemao sumu, na aweza kuzidi urefu wa mita mbili.

Kundi la pili ni sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Hapa ndipo alipo koboko. Koboko mweusi hakupewa jina hilo kwa sababu ya ngozi yake, ambayo huwa ya kijivu au hudhurungi, bali kwa weusi wa ndani ya kinywa chake. Nduguye wa kijani hupenda kuishi mitini, hasa katika ukanda wa Pwani. Jeraha la koboko huenda lisivimbe sana. Dalili zake ni kope kulegea, ulimi kuwa mzito, mate kumtoka majeruhi na kushindwa kumeza. Hatimaye misuli ya kupumulia hupooza, na aghalabu kukosa pumzi ndiko kunakoua.

Kundi la tatu ni sumu inayozuia damu kuganda. Katika maeneo kame ya kaskazini mwa nchi hupatikana nyoka mdogo wa jamii ya bafe ambaye husugua magamba yake na kutoa mlio wa msumeno anapotishwa. Mwingine ni nyoka wa mitini aitwaye boomslang. Walioumwa na nyoka hawa huvuja damu katika ufizi, puani na hata ndani ya mwili.

USIDANGANYIKE NA UTULIVU

Ni kosa kuupima uzito wa jeraha kwa maumivu ya saa ya kwanza. Mnamo Septemba 1957, Karl P. Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa nyoka nchini Marekani, aliumwa kidoleni na boomslang mchanga jijini Chicago. Hakwenda hospitalini. Aliandika dalili zake moja baada ya nyingine, na asubuhi ya siku iliyofuata alijihisi nafuu. Alasiri ya siku hiyo hiyo alifariki kutokana na kuvuja damu ndani ya mwili. Iwapo bingwa wa fani hiyo alidanganywa na nafuu ya muda mfupi, sembuse mkulima aliyeumwa shambani jioni akaamua kusubiri kupambazuke?

HUDUMA YA KWANZA

Lengo la huduma ya kwanza si kuiondoa sumu mwilini. Ni kumfikisha majeruhi hospitalini akiwa hai na bila madhara ya ziada. Mambo ya kufanya ni haya:

1. Mwondoe majeruhi mbali na nyoka. Usijaribu kumkamata wala kumuua nyoka huyo, kwani hata kichwa kilichokatwa chaweza kuuma. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali yatosha.

2. Mtulize majeruhi na umlaze. Kutembea au kukimbia huharakisha kuenea kwa sumu.

3. Mvue pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza.

4. Kifunge kiungo kilichoumwa kwenye ubao au kijiti kilichonyooka ili kisitikisike, kama afanyiwavyo aliyevunjika mfupa. Usikaze.

5. Mbebe kwa machela, gari au pikipiki. Kwenye pikipiki, mtu mwingine akae nyuma yake amshikilie.

6. Iwapo anatapika au amelegea, mlaze kwa ubavu. Akikoma kupumua, mpulizie pumzi mdomoni bila kukata tamaa hadi mfike kwa daktari.

7. Ikiwa swila amemtemea sumu machoni, osha macho mara moja kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha umpeleke hospitalini. Asiyafikiche.

YASIYOFAA

Kuchanja jeraha kwa wembe huongeza kuvuja damu na kuleta maambukizi. Kunyonya sumu kwa mdomo hakufai kitu, kwa kuwa huwa imekwisha kupenya mwilini. Kukaza kamba huizuia damu kufika kwenye kiungo, na wapo waliokatwa mguu kwa sababu ya kamba wala si sumu. Hata hivyo, ukimkuta majeruhi tayari amefungwa kamba, usiifungue kwa ghafla. Waachie wahudumu wa afya kazi hiyo.

Ipo mbinu ya kuzungushia kiungo kizima bendeji pana, ambayo yaweza kumfaa aliyeumwa na koboko. Hiyo ifanywe na aliyefunzwa pekee, maana kwa aliyeumwa na bafe huweza kuzidisha uharibifu wa nyama.

Jiwe jeusi, ambalo mara nyingi ni mfupa wa mnyama uliochomwa, linaaminiwa na wengi kwamba hufyonza sumu. Imani hii haikuzuka bure. Mara nyingine nyoka huuma bila kutoa sumu, au huuma akiwa hana sumu kabisa. Majeruhi wa namna hiyo angepona hata bila jiwe, lakini sifa huliendea jiwe. Siku atakapoumwa na koboko, imani hiyo itamgharimu maisha.

Majeruhi pia asipewe pombe wala dawa za maumivu kama vile aspirini, ambazo huzidisha kuvuja damu.

TIBA HOSPITALINI

Tiba ya hakika ni dawa ya kukata sumu. Hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo hadi mwili wake ujenge kinga, kisha kinga hiyo husafishwa kutoka katika damu yake. Kwa kuwa dawa hiyo huweza kumletea mgonjwa mzio mkali, haifai kudungwa nyumbani.

Kadhalika, dawa hiyo lazima ilingane na nyoka. Iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haitarajiwi kumfaa aliyeumwa na nyoka wa Kenya. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza FAV-Afrique, dawa iliyotegemewa barani Afrika, mnamo 2014, na akiba ya mwisho ilipitwa na muda wake Juni 2016. Kwa sababu hiyo, yafaa kila kijiji kijue mapema ni hospitali ipi iliyo karibu yenye dawa inayofaa. Simu moja kabla ya safari yaweza kuepusha kuhangaika kutoka kituo kimoja hadi kingine.

KINGA

Visa vingi huweza kuepukika. Tembea na kurunzi usiku, vaa viatu shambani, na tumia fimbo kupekua kuni au majani kabla ya kuyashika. Fyeka vichaka karibu na nyumba, na hifadhi nafaka vyema ili panya wasije, kwani panya ndio humwalika nyoka. Anayelala chini alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya mkeka. Kitamkinga dhidi ya mbu na nyoka pia.