UZI: Wanajeshi ambao hawakupigwa risasi

Kila mara mjadala wa kupeleka majeshi nje ukiwaka, upande mmoja utauliza, "Wangapi wameuawa?" Upande wa pili utajibu, "Wachache kuliko mnavyosema." Wote wanahesabu risasi na mabomu. Hakuna anayeuliza wangapi waliugua, wangapi walipinduka na lori, wangapi walihara mpaka wakafa. Shika chai tuongee kuhusu hao, maana katika historia yetu hao ndio wengi.

Tuanze na jina ambalo kila mtu wa Nairobi analijua: Kariakor. Dar es Salaam wanaandika Kariakoo. Lote ni jina moja, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Waingereza na Wajerumani walipigana hapa kwetu, kutoka Taita na Kilimanjaro kushuka hadi Msumbiji. Barabara hakuna, na mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe. Basi risasi, unga, mahema, hata bunduki za rashasha zikapanda kichwani mwa mtu.

Mwanzoni walitafuta wa kujitolea. Mwaka wa 1915 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha, na 1917 ukaja msako mkubwa wa kijiji kwa kijiji. Kenya peke yake ilitoa zaidi ya watu 150,000.

Sasa, walikufa na nini? Wengi wao, chakula na baridi. Na sitanii.

Posho ilikuwa unga wa mahindi. Ugali hauna shida, bora maji yachemke na usongwe vya kutosha. Lakini mpagazi anafika kambini usiku, amelowa, kuni mbichi, sufuria moja watu wengi. Anakula unga nusu mbichi. Kuna waliokulia ndizi, wimbi au viazi, tumbo halijazoea. Kesho yake kuhara, keshokutwa kuhara damu, na mzigo bado uko kichwani. Watu wa milimani walishushwa kwenye mabonde ya malaria ambayo miili yao haikuijua. Funza wakala vidole vya miguu, na mpagazi bila miguu ni nani? Blanketi moja kwenye mvua ya wiki nzima, nimonia ikamaliza kazi.

Hesabu rasmi ya wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa inakaribia 95,000. Wa Kenya ni zaidi ya 40,000. Wengi mno kati yao ni magonjwa.

Kuna atakayesema, "Hao walikuwa wapagazi, si wanajeshi." Haya, tuchukue wanajeshi. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu kutoka Afrika Kusini kilifika mapema 1916 na watu zaidi ya 1,100. Kufikia Oktoba waliobaki wazima walikuwa 116, na hawakuwa wamepigana sana. Mwisho wa mwaka huo Wazungu zaidi ya 12,000 walirudishwa Afrika Kusini wakiwa hoi. Wajerumani nao, walipozingirwa wasiletewe dawa, walitengeneza kwinini yao wenyewe kwa magome ya mti kule Amani, Usambara. Walijua adui wao wa kweli ni nani.

Mishahara ya wapagazi waliokufa? Nairobi na London walivutana miaka mingi kuhusu pesa ambazo hazikuwa na wa kuzichukua. Familia hazikuziona.

Turuke hadi Burma, ambako vijana wetu wa KAR walipelekwa katika vita vya pili. Mwaka wa 1943, katika jeshi la Uingereza la huko, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Jenerali wao akaamuru askari wapimwe ghafla kuona kama wamemeza dawa ya malaria. Makamanda watatu ambao watu wao hawakuwa wamemeza aliwafuta kazi. Idadi ya wagonjwa ikashuka. Ugonjwa uliitwa bahati mbaya mpaka siku mkubwa alipopoteza cheo kwa sababu yake.

Na kama unadhani haya ni mambo ya babu: Mogadishu, 2009. Askari wa Umoja wa Afrika kutoka Uganda na Burundi wakaanza kuvimba miguu, wengine moyo ukashindwa. Kufikia Mei 2010 walikuwa wameugua 241 na wasiopungua wanne wamekufa. Zaidi ya 50 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Nairobi na Kampala. Madaktari walihofia sumu, panya, virusi. Ilikuwa beriberi, ukosefu wa vitamini B1, ugonjwa wa watu wanaokula chakula kilekile kila siku. Walipopewa vitamini hiyo walipona haraka. Karne ya 21, watu wana vifaru na redio, wanaangushwa na sahani.

Kwa hivyo mjadala ukirudi tena, na utarudi, usiishie kwa "wangapi wameuawa". Uliza nani alipika, nani aliidhinisha zabuni ya chakula, na aliyerudi na figo mbovu anahesabiwa wapi. Kwa jibu hilo mjane wa aliyekufa na malaria kambini ndipo atajua kama ana haki ya chochote.

Kama kwenu kuna babu aliyekwenda Kariakor asirudi, andika hapo chini alitoka kijiji gani.